Aproni Iliyobaki Msumarini

Kitu cha mwisho nilichofanya kabla ya kustaafu ni kumwambia Furaha, mwanafunzi wangu wa mwisho, aondoke. Nilimwambia siku ya Ijumaa baada ya chai, tena kwa upole, lakini upole wangu haukusaidia kitu. Tangu siku hiyo ananiita "Mzee Yohana" badala ya "Babu", na kwa binti aliyelelewa na mama wa Goma hilo halisemwi kwa bahati mbaya. Dominic, niliyemwachia karakana, ananiambia kwenye simu kwamba binti anafuta vioo kwa nguvu hadi yeye Dominic anaviogopea. Basi nimeona niandike. Miaka yote ninyi wanafunzi wangu mmekuwa mkiniuliza nilianzaje kazi hii, nami nilikuwa nawajibu kwamba maswali yanakausha gundi. Sasa muda ninao, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka nyumbani nikikagua rangi za ukuta.

Habari za vyeo msizitafute humu. Karakana ilikuwa na watu wawili, Bi Hedwig na mimi, na bosi hakuwa mimi.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Rangi nilifundishwa na Fundi Kasimu, mchora vibao wa Ujiji, ambaye sheria yake ilikuwa moja: mwanafunzi hachori mpaka brashi zote za fundi ziwe safi, na brashi za fundi hazikuwa safi hata siku moja. Nilinuka mafuta ya taa hadi mama yangu akanihamishia sahani yangu nje. Baadaye nikawa nachora vibao vya vinyozi, vichwa vinne vyenye mitindo minne ya nywele na sura moja. Mikono sikuwahi kuchora. Kibao cha kinyozi hakihitaji mikono, na mimi sikutafuta matatizo.

Nilimwoa Perpetua, binti wa wakimbizi wa Burundi. Tangu utoto alikuwa amehamishwa mara nyingi kiasi kwamba akiona lori limesimama nyumbani kwa mtu anauliza tunabeba nini. Kaka zake walipopata kuja Canada, nasi tukafuata, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulipopewa funguo za nyumba yetu Thorncliffe Park, hapa Toronto, ghorofa ya juu kabisa ambako upepo unapiga miluzi, Perpetua alinunua nyundo kabla ya kununua sufuria. Akapigilia misumari sebuleni, chumbani, jikoni, akatundika kila kilichotundikika, mpaka mwiko. "Sihami tena," alisema. "Atakayenihamisha ataondoka na ukuta." Kumbukeni hiyo nyundo.

Yeye alipata kazi ya kuhudumia wazee. Mimi niliosha vyombo hotelini. Siku moja nilikuwa nalitukana sufuria lililoungua, kwa Kiswahili, nikijua niko salama, ndipo nikasikia mtu mlangoni anauliza, "Bwana wee, sufuria limekukosea nini?" Alikuwa Bwana Nizar, Mwismailia aliyezaliwa Tanga, mwenye duka la fremu Mississauga, aliyekuja kutundika picha ukumbini. Tulizungumza mpaka msimamizi akakohoa. Aliposikia nilikuwa mchora vibao, akaniambia kuna bibi wa Kijerumani karibu na mtaa wa Spadina, anatengeneza picha za zamani zilizoharibika, na wasaidizi hawakai kwake. "Mkali?" nikauliza. "Si mkali," akasema Nizar, "ila anaishi karne nyingine. Ukiweza kwenda naye huko, utakula."

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha nguo, lile lile mnalolijua, ila wakati huo lifti ya mizigo ilifanya kazi bila kubembelezwa. Bi Hedwig alikuwa mwanamke mfupi, mjane, nywele amezikata kiaskari. Vyeti vyangu hakuviangalia. Aliangalia mikono yangu, mbele na nyuma, akaitikia kwa kichwa, akachukua aproni kwenye msumari akanipa. Kisha akanionyesha jiwe pana, jiwe dogo la kushika, na rundo la vipande vya buluu. Alisema neno moja la Kiingereza, maana yake: saga.

Nikasaga. Nilitaka kumwonyesha kwamba Kigoma hakuna uvivu. Nilisaga hadi ule unga ukawa laini kama poda ya mtoto, na kadiri ulivyolainika ndivyo buluu ilivyokimbia, mpaka nikabaki na kitu chenye rangi ya maji ya kufulia. Bi Hedwig akaja akachungulia. Jiwe lile, akanieleza, linatoa buluu nzito likiachwa na chenga. Ukilisaga kupita kiasi linapauka. "Una bidii," akasema. "Kesho uje na macho pia." Nilirudi nyumbani nimenuna. Perpetua alicheka mpaka akakaa chini.

Yalikuwapo mengine. Aliniambia nisafishe uchafu wa picha kwa pamba iliyoloweshwa mate. Nikadhani Kiingereza changu kimenidanganya. Sikudanganywa: mate ya mtu yanatoa uchafu ambao sabuni haiuwezi, na hadi leo mnatema, tena kwa madaha. Lakini siku ile niliona aibu. Kwetu kutemea picha ya mtu ni kutafuta ugomvi na ukoo mzima. Alinituma pia ufukweni mwa ziwa kuokota manyoya ya mabata bukini, kwa sababu brashi nzuri ya zamani ni nywele za mkia wa kindi zilizochomekwa kwenye shina la unyoya. Unyoya nilioutaka ulikuwa karibu na bata mwenyewe. Alinikimbiza hadi barabarani, na mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akanipigia makofi. Tangu hapo naliheshimu bata la nchi hii, na kindi wa Thorncliffe nawaangalia mkia kwanza.

Rangi nyingine tulizichanganya na kiini cha yai. Ute haukuwa na kazi, basi nikawa naubeba kwenye chupa kupeleka nyumbani. Majira yote ya baridi ya kwanza tulikula mayai meupe. Mwanangu wa kwanza, ambaye tayari alikuwa anajibu Kiswahili kwa Kiingereza, aliniuliza, "Baba, where is the yellow?" Nikamwambia ya njano imepakwa kwenye shavu la mtakatifu. Akaenda kusema hivyo shuleni, na mwalimu akaniita.

Tukisaga, Bi Hedwig alikuwa anasimulia. Alisimulia maisha ya wachoraji wa kwao, wa karne tatu, nne, tano zilizopita, kwa namna ambayo miezi ya kwanza nilidhani anazungumzia wajomba zake. Mtoto akifika umri wa kubeba ndoo, baba yake anampeleka kwa bwana fundi. Wengi baba zao walikuwa mafundi pia, wa dhahabu, wa vioo, wa matandiko ya farasi. Mtoto analala darini kwa fundi, anakula mezani kwa fundi, na mke wa fundi ana haki ya kumtuma sokoni na kumvuta sikio. Anachota maji, anawasha jiko, anachemsha gundi ya ngozi za sungura, anapaka ubao chaki tabaka juu ya tabaka, anausugua. Anasaga rangi miaka. Kuchora anajifunza kwa kunakili karatasi za fundi, mkunjo wa nguo, sikio, mguu, mpaka mkono wake ufanane na wa fundi kiasi kwamba mnunuzi hajui nani kachora nini. Alama inayowekwa kwenye picha ni ya fundi peke yake. Nikamwambia basi Fundi Kasimu wa Ujiji alikuwa Mjerumani bila kujua. Akataka kujua zaidi. Nikamsimulia mafuta ya taa na brashi zisizosafika. Alipenda sana, akawa ananiuliza habari za Kasimu kila wiki, na nilipoishiwa nikaanza kutunga.

Kwa nini alisimulia? Alikuwa na msemo wake, nami nimewachosha nao: huwezi kuutibu mkono usiojua ulifundwa vipi.

Niliuelewa tulipoletewa ule ubao. Ulikuwa ubao wa mwaloni, si mkubwa, umechorwa mwanamke anayesali, na nyuma yake kuna dirisha na milima ya buluu. Mchoraji hajulikani jina. Rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mtu mcheshi, aliyeurithi kwa bibi yake. Alitaka tushike rangi isianguke, na ombi moja la ziada: mkono wa kulia wa yule mwanamke urekebishwe, maana ulikuwa umevimba, vidole kama soseji. Kwa kweli ulikuwa mbaya. Mimi mwenyewe, mchora vibao wa vinyozi, niliuona mbaya.

Bi Hedwig alikataa papo hapo. Alimvuta daktari hadi dirishani, akampa kioo cha kukuzia. "Uso huu ni wa fundi," alimwambia. "Mkono wa kushoto ni wa fundi. Huu wa kulia ni wa mwanafunzi. Angalia anavyoogopa, brashi inarudi mara tatu palepale. Huyu alikuwa amefagia na kusaga miaka, na siku hiyo bwana wake alisimama nyuma yake akamwambia: haya, leo wewe. Fundi angeweza kuufuta asubuhi iliyofuata. Hakuufuta. Na mimi nani hata niufute?"

Daktari alikubali, akasema hata yeye mgonjwa wake wa kwanza hapendi kumkumbuka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na pamba yangu. Fundi Kasimu aliwahi kuniachia sikio. Kibao cha kinyozi wa sokoni, kichwa cha tatu, sikio la kushoto. Lilitoka kama andazi, naye akalitazama, akasema tu, "Litakauka." Sikuwa nimelifikiria sikio lile tangu nilipopanda ndege. Machozi yalinitoka, sikuona aibu, na Bi Hedwig akajifanya anatafuta koleo.

Ubao huo tuliushughulikia majira yote ya baridi. Tulipitisha gundi ya samaki chini ya kila gamba la rangi kwa ncha ya brashi, tukalilaza kwa kisu kilichopashwa moto kidogo, huku tumeshika pumzi. Nilikuwa nimejifunza kushika pumzi kwenye lifti za Thorncliffe, kwa hiyo hilo halikunishinda. Majira ya kuchipua yalipofika mwanamke wa kwenye ubao alikuwa mzima, na soseji zake zote tano. Nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuipata kwenye kazi nyingine. Nilimwambia Perpetua: hapa nimefika, hapa nitazeekea.

Wiki ile ile Bi Hedwig aliutazama ubao mbele na nyuma, akaniambia, "Umemaliza. Hapa kwangu huna cha kujifunza zaidi. Mwezi ujao unaondoka."

Akageuka akaendelea kuosha brashi.

Nikauliza nimekosa nini. "Hujakosa," alisema. "Ndiyo maana unaondoka."

Sasa ninyi mnajua kwetu. Bosi akikuambia hujakosa lakini uondoke, maana yake kuna mpwa wake anakuja. Siku ya mwisho niliipeleka aproni nyumbani, nikaifua, nikaipiga pasi, nikamrudishia imekunjwa, ili asije akasema mtu wa Kigoma aliondoka na kitambaa chake. Aliipokea, akaikunjua, akaitundika kwenye msumari wake. Nikajisemea, hiyo ndiyo ya mpwa.

Perpetua nilipomwambia hakulia. Alitazama misumari ukutani, mmoja mmoja. Hilo liliniuma kuliko kilio. Kodi tungeweza kuitafuta. Hotelini sufuria zilikuwa zinaniongoja. Ila nilikuwa nimempa neno kwamba tumefika, na kazi niliyoipenda ilikuwa imenitoka bila hata kuelezwa kwa nini.

Habari zilifika kanisani kabla yangu. Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kupanga, nusu Wakongo, nusu Warundi, na mimi Mtanzania wa kusahihisha Kiswahili chao bila kuombwa. Mzee wa kanisa alikuwa Papa Bahati wa Uvira, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti na aliyesuluhisha ndoa za nusu ya jengo letu. Alinisikiliza, akasema, "Yohana, boss ni muzazi. Muzazi haandikiwe barua. Muzazi anaombwa." Nikamwambia hapa ni Toronto, mambo hayo hayapo. Akaniuliza kama Wajerumani hawana wazazi.

Basi Jumamosi moja mchana tulikwenda, ujumbe kamili. Bwana Nizar alileta gari lake na Kiingereza chake. Papa Bahati alivaa koti la harusi yake. Mama Neema, mke wake, alipakata sufuria la pilau lililofungwa kitenge, na kitenge kingine kipya cha zawadi. Perpetua alivaa kama anakwenda kuozesha. Mimi nilikaa nyuma. Nilikuwa nimekataa kuja, na nilikuwa nimekuja.

Bi Hedwig alikuwa anachonga fremu. Lifti ilipofunguka na pilau kunukia karakana nzima, aliweka patasi chini. Papa Bahati hakukaa mpaka alipokaribishwa mara mbili, ya kwanza haihesabiwi. Mama Neema akamtandikia Bi Hedwig kile kitenge kipya mapajani. Kisha Papa akaanza.

"Mama, sisi hatukuje kwa ubaya. Tunakuja na mikono mbili. Mutoto wetu Yohana, ulimupokea, ulimufundisha kazi, tunasema merci. Mutoto anaweza kukosa. Kama alikosa, tunaomba pardon. Kama hakukosa, tunaomba pardon vilevile, juu haiko muzuri kugombana na muzazi."

Bwana Nizar, mtu wa biashara, alitafsiri kwa ufupi. Papa Bahati akamgeukia. "Yote ile umeisema mu maneno tatu?"

Bi Hedwig alitazama koti la Papa, akatazama sufuria, akatazama kitenge mapajani mwake. Halafu akaniuliza taratibu, kwa Kiingereza cha kueleweka na kila mtu, "Yohana, hawa wamekuja kuniposa?"

Ndipo akatueleza, huku mabega yameanza kumtikisika. Katika miji ya zamani ya kwao, bwana fundi akifa, mjane wake aliachiwa karakana kwa muda tu. Fundi kijana aliyeitaka karakana alivaa vizuri, akaja na watu wake na zawadi, akamwoa mjane pamoja na majiko, mawe, brashi na wanafunzi. Wachoraji wengi wenye majina walianza hivyo. "Nimekaa mjane miaka mingi sijaletewa hata kuku," alisema. "Leo wamekuja, na mke wake wamemleta pia!"

Nizar alipotafsiri, Perpetua hakucheka. "Mwambie mume sitoi," alisema. "Nataka kazi yake arudishiwe."

Hapo Bi Hedwig akaacha kucheka. Akauliza nani amesema nimefukuzwa. Wote wakanitazama. Nikasema kile alichoniambia, neno kwa neno. Akashika kichwa. "Lakini nimekusimulia!" alisema. "Kila siku nimekusimulia!"

Ni kweli alisimulia. Alisimulia kwamba kijana akimaliza mafunzo kwa bwana wake haruhusiwi kubaki. Anatembea miaka mitatu, mji hadi mji, anafanya kazi kwa mafundi wengine, analala atakapokaribishwa, ndipo arudi atengeneze kazi ya kuonyesha kwamba naye ni fundi. Niliyasikiliza kama hadithi. Sikujua kwamba bibi huyu, mume wake, na baba yake, wote walitembea hivyo, na kwamba kwake hiyo haikuwa hadithi.

Alikwenda kuuleta ule ubao, uliokuwa bado haujachukuliwa na daktari, akauegemeza mbele ya Papa Bahati. Akamwonyesha mkono wa mwanafunzi. Akamwonyesha uso wa fundi. Kisha akaweka kidole karibu na dirisha, bila kugusa. "Ubao na chaki ni vya kaskazini," alisema, "nchi ambayo haina kilima hata cha kukalia. Milima hii aliiona wapi? Aliifuata kwa miguu, alipokuwa kijana. Angebaki nyumbani angechora milima ya bwana wake, ambayo bwana wake aliinakili kwa mwingine."

Papa Bahati alikaa akiitazama ile buluu kwa muda mrefu. "Sisi pia tulitembea," alisema mwishowe. "Kutoka Uvira, Kigoma, Nairobi, mpaka hapa. Lakini hakuna mutu alitutuma, na hakuna mutu alituambia mutarudi."

Safari hii Nizar alitafsiri kila neno. Bi Hedwig akanyoosha mkono kuelekea ukutani, kwenye msumari, ilipokuwa aproni yangu. "Huyu anatumwa," alisema. "Na anarudi. Aproni ya mtu niliyemfukuza siitundiki. Naikata matambara."

Perpetua alikwenda akaishika ile aproni, akaiona ina pasi yangu bado. Nadhani ndipo alipoamini. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa haraka. Alisema, "Mwambie nimechoka kuhama. Nimehama maisha yangu yote. Atembee yeye, mimi na watoto hatutoki Thorncliffe. Na Jumapili nimwone kanisani." Bi Hedwig alifikiri. Desturi ilimtaka kijana asikaribie nyumbani kabisa. Halafu akasema mafundi wa zamani walikuwa na mazoea ya kuifanya Jumatatu nayo sikukuu, kwa ajili ya kunywa; basi atanipa Jumapili za kanisani, mradi Jumatatu zao niziache. Mahali palipo mbali mno nitakuja ninapoweza. Papa Bahati akasema huyo mama ni mulokole na hajijui.

"Mtembea bure si sawa na mkaa bure," Bwana Nizar akamaliza. "Aanzie kwangu." Tukala pilau kati ya chupa za vanishi, Bi Hedwig kwa mkono, kitenge kikiwa bado mapajani.

Nikatembea. Mississauga kwa Nizar nilijifunza kupaka dhahabu, karatasi nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umeipandisha darini, nami nilipiga chafya. Montreal nilikaa kwa mchonga sanamu aliyenisemesha Kifaransa hadi nikaanza kukielewa kwa kuchoka, na Jumapili nyingi zilinipita huko. Nililia simu ikikatika, na Perpetua alilia pia, aliniambia baadaye. Kisha mji mdogo mashariki ya hapa, kanisa la zamani, nikitengeneza dari nimelala chali siku nzima kama mgonjwa. Kila fundi alinifundisha jambo ambalo mwenzake alisema ni upuuzi. Yote mawili nayatumia.

Niliporudi, muongo ule ukielekea ukingoni, Bi Hedwig aliniambia nionyeshe kazi. Nisage mwenyewe, nifunge brashi mwenyewe, nipake ubao mwenyewe, nichore nitakacho. Nilichora mikono ya Perpetua inapigilia msumari. Mimi, niliyekwepa mikono tangu Ujiji. Alitazama kwa kioo cha kukuzia hadi nikatokwa jasho. "Kidole gumba hiki ni cha kibao cha kinyozi," alisema. Nikakubali. "Kiache," alisema. Kisha akaenda kwenye msumari akarudi na aproni yangu ile ile. Haikuwa imevaliwa na mtu mwingine. Ilikuwa imefuliwa, tena inaonekana si mara moja, maana vumbi la karakana lile mnalijua. Alinifunga mwenyewe kwa nyuma, kama mama anavyomfunga mtoto wa shule.

Bi Hedwig amelala usingizi wa milele sasa, na picha ya ile mikono iko juu ya sinki, mnaioshea brashi chini yake kila siku. Dominic, alipokuwa bado mwanafunzi, nilipomwambia aondoke, alisema, "Sawa mzee, nishaanza kupack," wiki iliyofuata akanipigia kutoka Vancouver. Ndiyo maana sikujua kwamba Furaha anahitaji zaidi ya maneno mawili. Nimewasimulia kila siku, nikadhani mmesikia. Kumbe karakana nimeirithi pamoja na ulimi wa Bi Hedwig.

Furaha, nasikia mama yako anakusanya wazee waje kwangu. Waje. Jumamosi nipo, na Perpetua ameshaloweka mchele. Papa Bahati hatembei vizuri siku hizi, lakini amesema ataletwa, safari hii akae upande wa wanaoombwa. Mama yako aseme yote, mtu asimfupishie. Lakini jibu langu nakupa mapema: hujakosa, ndiyo maana unaondoka.

Ile aproni uliyoitupa mezani nimekwenda kuifua mwenyewe. Iko ukutani pale karakana, kushoto kwa ile ya Bi Hedwig. Msumari wake ni mpya, nimeupigilia kwa nyundo ya Perpetua.